Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu: Ndama wanazaliwa bila baba daftarini

Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,

YAH: KUMBUKUMBU ZA UHIMILISHAJI, MADUME WA VIJIJI NA KUHASIWA KWA NG'OMBE WA ASILI KATIKA WILAYA YETU

Husika na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Naandika kwa niaba ya kikundi cha wafugaji wadogo wa wilaya hii ya Nyanda za Juu Kusini, ambao wengi wetu tunafuga ng'ombe wachache wa maziwa bandani na wengine tunachunga ng'ombe wa asili katika vijiji vya bondeni. Suala hili tulianza nalo kwa mtaalamu wa mifugo wa kata, tukaliandikia idara, likajadiliwa katika mkutano wa kijiji na muhtasari wake ukaletwa ofisini kwako. Majibu tuliyopata yalikuwa ya mdomo, kwamba linafanyiwa kazi. Tukiwa bado tunangoja, madume wanaendelea kuhasiwa na mbegu zinaendelea kupandishwa bila kuandikwa, na kila msimu unaopita unapunguza kile ambacho bado kinaweza kurekebishwa. Kwa sababu hiyo, kwa heshima zote na bila kinyongo na mtumishi yeyote, tumeamua kuliweka jambo hili mbele ya watu wote.

Tueleweke mapema kwamba hatupingi ng'ombe wa maziwa wala uhimilishaji, yaani kupandisha jike kwa mbegu ya dume iliyohifadhiwa. Watoto wetu wamesoma kwa maziwa ya ng'ombe hao. Tunacholalamikia ni kwamba katika wilaya yetu ndama anazaliwa na hakuna daftari, si la mfugaji, si la kijiji wala la Halmashauri, linalosema baba yake ni nani. Madhara ya pengo hilo ni haya yafuatayo.

1. Namba ya dume haiandikwi.

Mhimilishaji anapofika bandani hutoa mrija wa mbegu iliyogandishwa kwenye mtungi wa naitrojeni, huuyeyusha kwenye maji ya uvuguvugu, hukata ncha, hupandisha, kisha mrija mtupu hutupwa. Juu ya mrija huo pamechapishwa utambulisho wa dume, aina yake na kituo kilichotoa mbegu. Taarifa kuhusu nusu ya urithi wa ndama atakayezaliwa iko kwenye kipande hicho cha plastiki, nacho huishia majanini nyuma ya banda. Risiti, pale inapotolewa, huonesha kiasi cha fedha tu.

Tumewahi kujibiwa kwamba hereni za utambulisho wanazovishwa ng'ombe masikioni zimemaliza tatizo hili. Hazijalimaliza. Sheria ya Utambuzi, Usajili na Ufuatiliaji wa Mifugo ya mwaka 2010 ni sheria nzuri, nasi tunaiunga mkono, lakini hereni humtambulisha ng'ombe aliye mbele yako pamoja na mwenye mali. Haiwezi kumtaja baba kama aliyehimilisha hakumwandika siku ile ya kupandisha. Mtamba, yaani jike ambaye bado hajazaa, anapoingia kwenye joto miaka miwili baadaye, mfugaji anauliza ampandishe mbegu ya dume gani ili asirudie damu ile ile, na hakuna mtu katika wilaya nzima anayeweza kumjibu.

2. Dume mmoja anakaa kijiji kimoja hadi anawapanda mabinti zake.

Miradi ya kopa ng'ombe lipa ng'ombe ilileta mitamba pamoja na dume wa kijiji, na ilitusaidia sana. Lakini mpango wa kumwondoa dume huyo kabla binti zake hawajafikia umri wa kupandwa haukusimamiwa. Vijiji kadhaa vimebaki na dume yule yule, au wamemrithisha mwanawe nafasi yake, jambo ambalo kwa damu bado ni kuzaliana kwa ndugu.

Naomba niieleze hesabu yake, kwa kuwa wengi hudhani hii ni imani tu ya wazee. Vinasaba huja kwa jozi, nakala moja kutoka kwa mama na moja kutoka kwa baba. Karibu kila mnyama amebeba nakala chache zenye kasoro, ambazo hazimdhuru kwa sababu nakala ya pili ni nzima. Dume akimpanda binti yake, ndama anakuwa na uwezekano wa asilimia 25, katika kila jozi, wa kupokea nakala mbili zilizotoka kwa kinasaba kimoja cha dume huyo huyo. Ndugu wa baba mmoja na mama tofauti wakizaana, uwezekano huo ni asilimia 12.5, na babu akimpanda mjukuu wake ni vivyo hivyo. Hapo kasoro iliyokuwa imefichwa inajitokeza: ndama dhaifu, wanaokua polepole, wanaokufa mapema, na majike wanaochelewa kushika mimba. Haya ndiyo tunayoyaona mabandani.

Kuna hesabu ya pili inayofaa kuwekwa mbele ya Baraza la Madiwani. Kundi la majike 100 wanaopandwa na dume mmoja, likipimwa kwa wingi wa urithi uliomo ndani yake, ni sawa na kundi la wanyama wapatao 4 tu wanaozaana kwa uhuru. Madume wakiwa 5, kipimo hicho hufika 19 hivi. Wakiwa 20, hufika 67 hivi. Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa hushauri kipimo kisishuke chini ya 50. Maana yake ni kwamba vijiji 20 vyenye dume mmoja mmoja, vikibadilishana madume kwa zamu inayojulikana na kuandikwa, vinaweza kuwa kundi moja kubwa lenye afya; lakini kila kimoja kikijifungia na dume wake, hayo ni makundi 20 madogo yanayodidimia kila moja peke yake. Tofauti kati ya hali hizo mbili ni ratiba na lori moja la kuhamisha madume.

3. Mbegu ya nje nayo ina ukoo, na ukoo huo ni mwembamba kuliko tunavyodhani.

Katika mikutano yetu huwa inasemwa kwamba uhimilishaji wenyewe ndio dawa ya kuzaliana kwa ndugu, kwa kuwa mbegu inatoka mbali. Umbali hauthibitishi kwamba damu ni tofauti. Ng'ombe wa maziwa wa aina ya Holstein na Friesian ni mamilioni duniani, lakini ukoo wao ni wa familia ndogo: utafiti uliochapishwa mwaka 2015 ulionesha kwamba karibu madume wote wa Holstein wanaotumika kwa uhimilishaji Amerika Kaskazini wanarudi, kwa upande wa baba, kwa madume 2 tu wa karne ya 19.

Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa dume aliyezaliwa Marekani mwaka 1962, aliyesajiliwa kwa jina la Pawnee Farm Arlinda Chief. Mbegu yake ilipendwa mno kwa sababu mabinti zake walikamuliwa maziwa mengi. Alizaa mabinti wapatao 16,000, wajukuu wa kike wapatao 500,000 na vitukuu zaidi ya milioni 2. Lakini alikuwa amebeba nakala moja iliyoharibika ya jeni iitwayo APAF1. Nakala moja haina madhara; ndama anayepata nakala mbili, yaani kutoka kwa mama na kwa baba ambao wote ni wa ukoo wa dume huyo, hufa tumboni. Watafiti walikadiria mwaka 2016 kwamba kasoro hiyo ilikuwa imesababisha mimba zipatazo 525,000 kuharibika duniani katika muda wa miaka 35. Naomba uone jinsi ilivyogundulika: walipitia kumbukumbu za vinasaba za makundi makubwa ya ng'ombe wenye ukoo ulioandikwa, wakaona kwamba kipande fulani cha urithi hakionekani hata mara moja kwa nakala mbili katika ng'ombe aliye hai. Waliokuwa nacho mara mbili hawakuzaliwa. Bila daftari la ukoo na vipimo, mimba hizo zingeendelea kuhesabiwa kuwa bahati mbaya.

Hapa kwetu, ng'ombe akiharibu mimba mara mbili mfululizo huambiwa ni mgumba na huuzwa buchani. Sisemi kwamba kila mimba inayoharibika inatokana na vinasaba. Ugonjwa wa kutupa mimba upo, lishe duni ipo, kupandisha kwa kuchelewa kupo. Lakini ng'ombe anayetokana na mbegu ya ukoo fulani anapopandishwa tena mbegu ya ukoo huo huo, uwezekano huu ungepaswa kuchunguzwa mapema, na kwetu hauwezi kuchunguzwa kabisa. Orodha za madume zinazotolewa siku hizi na wauzaji wa mbegu hueleza kama dume amebeba kasoro hiyo au la. Taarifa hizo zipo mkononi mwa anayenunua mbegu, ila hazifiki kwa mwenye ng'ombe.

4. Madume wa asili wanahasiwa kabla hawajaandikwa na bila akiba yoyote kuwekwa.

Hili ndilo linalotuumiza zaidi. Zoezi la kuhasi madume wa kienyeji ili majike wao wapandwe na mbegu ya kisasa limepita kijiji hadi kijiji, na mafanikio yake hupimwa kwa idadi ya madume waliohasiwa. Hakuna aliyetuuliza madume wale walikuwa wa ukoo gani, wala hakuna aliyeacha wachache kwa makusudi.

Ng'ombe wanaoitwa kwa dharau wa kienyeji ni zebu, yaani ng'ombe wenye nundu, wa Tanzania wenye pembe fupi, na ndani yao wataalamu wa nchi hii wametambua koo kadhaa: wekundu wa Iringa, weupe wa Singida, wa Mkalama, wa Mbulu, wa Kigogo, wa Kimasai, wa Kichaga na wa Kipare. Wekundu wa Iringa wana jina la mkoa huu. Hawapatikani pengine popote wakishatoweka hapa.

Historia yao imesomwa kwenye vinasaba. Ng'ombe wote wa kufugwa wanatokana na ng'ombe-mwitu mkubwa aliyeitwa auroksi, aliyefugwa kwanza zaidi ya miaka 10,000 iliyopita katika nchi za mito ya Frati na Hidekeli, na baadaye, kwa upande mwingine, katika bonde la mto Indus, ambako ndiko walikotokea ng'ombe wenye nundu. Uchambuzi wa vinasaba vya urithi wa mama umeonesha jambo la kustaajabisha: karibu ng'ombe wote wa asili wa Afrika waliochunguzwa, wakiwemo hawa wetu wenye nundu, kwa upande wa mama ni wa ukoo wa ng'ombe wasio na nundu waliokuwa barani humu maelfu ya miaka iliyopita. Nundu, na uvumilivu wa joto na kiu unaoendana nayo, vililetwa kwa sehemu kubwa na madume waliotoka Asia kupitia Pembe ya Afrika na pwani ya Bahari ya Hindi. Majike wa bara hili walibaki pale pale. Madume ndio waliobadilisha kundi zima la Afrika Mashariki. Kwa hiyo anayeamua ni dume yupi abaki na yupi ahasiwe anaamua sura ya kundi la vizazi vingi vijavyo, na uamuzi wa uzito huo leo unafanyika kwa burdizo, koleo la kuhasia, bila karatasi.

Mchanganyiko ule wa kale ulikuwa na muda. Kizazi baada ya kizazi, ukame, kupe na maradhi vilichuja. Ugonjwa wa sotoka wa miaka ya 1890 ulifagia sehemu kubwa ya ng'ombe wa Afrika Mashariki, na waliopona ndio waliozaa makundi tuliyoyarithi. Ugonjwa wa ndigana kali ni chujio linalofanya kazi hadi leo. Kimelea chake kinaenezwa na kupe, na makazi yake ya asili ni ndani ya nyati, ambaye amekaa nacho muda mrefu hata hakimwui. Vijiji vinavyopakana na Hifadhi ya Ruaha vinaishi jirani na nyati hao. Nyati si ndugu wa karibu wa ng'ombe kiasi cha kuzaana naye. Ana kromosomu, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba, 52 na ng'ombe ana 60. Kinga ya nyati haiwezi kuazimwa. Uvumilivu wowote ambao ng'ombe anao dhidi ya ndigana ni ule ambao babu zake waliupata kwa kufa wengi na kupona wachache katika maeneo haya haya ya kupe.

Na uvumilivu huo ni wa urithi. Mwaka 2022 watafiti waliofanya kazi na ng'ombe wa Boran, aina ya zebu, nchini Kenya walichapisha matokeo kwamba wazao wa fahali mmoja walinusurika ndigana kali kuliko wenzao, wakaonesha mahali kwenye vinasaba panapohusiana na kunusurika huko. Waliweza kufika hapo kwa kuwa fahali yule aliandikwa na wazao wake walijulikana. Katika makundi yetu ya wilaya hii huenda yupo fahali wa namna hiyo, na huenda alihasiwa katika zoezi la mwaka uliopita. Hakuna mtu atakayejua.

Kuna jambo la mwisho katika hoja hii ambalo naomba lisomwe kwa makini. Kuku wa kufugwa bado ana mzazi wake wa porini katika misitu ya Kusini Mashariki mwa Asia; mtaalamu akihitaji sifa iliyopotea anaweza kuitafuta huko. Ng'ombe hana msitu wa kurudi. Auroksi wa mwisho alikufa mwaka 1627 katika msitu wa Jaktorów nchini Poland. Urithi wote wa ng'ombe uliobaki duniani uko kwenye mazizi ya watu, na sehemu yake iliyozoea kupe na ukame wa huku iko kwenye mazizi yetu.

5. Mbegu ile ile inapelekwa juu na bondeni.

Friesian anafanya vizuri kwenye baridi. Shamba la Kitulo kule Makete ni ushahidi, na wafugaji wa Njombe na Rungwe wanaujua ukweli huo. Lakini Nyanda za Juu Kusini zina pia Isimani, Pawaga na Usangu, ambako jua ni kali, malisho hukauka na kupe ni wengi. Wilaya yetu nayo ina sura hizo mbili, na mtungi unaopanda mlimani ndio huo huo unaoshuka bondeni. Mfugaji wa bondeni hapewi nafasi ya kuchagua.

Ndugu Mkurugenzi, tunajua hoja tutakazojibiwa nazo, kwa kuwa baadhi yake tumekwisha kuzisikia.

Tutaambiwa kwamba ng'ombe wa asili hana maziwa, na kwamba kumhifadhi ni kuhifadhi umaskini. Ni kweli maziwa yake ni machache na mwili wake ni mdogo. Lakini chotara ambaye ofisi yako inamsifia, yule wa uzao wa kwanza anayetoa maziwa na kustahimili, hupatikana kwa kumpandisha jike wa asili halisi mbegu ya kigeni. Ubora wake unatokana na kukutana kwa koo mbili zilizo mbali. Chotara hao wakizaana wenyewe kwa wenyewe, nusu ya faida hiyo ya mchanganyiko hupotea katika kizazi kinachofuata. Wakiendelea kupandishwa mbegu ya kigeni, damu ya asili hushuka kutoka asilimia 50 hadi 25, kisha 12.5, na uvumilivu hushuka pamoja nayo. Anayetaka chotara wa kwanza mwaka kesho na miaka 20 ijayo anahitaji mama wa asili wakati huo wote. Kwa hiyo kuwamaliza ng'ombe wa asili ni kuufunga mradi wenyewe wa chotara.

Nchi yetu ina mfano wake wa kazi ya namna hii. Ng'ombe wa Mpwapwa alitengenezwa katika kituo cha utafiti huko Dodoma katikati ya karne ya 20, kwa kuunganisha aina za ng'ombe wenye nundu za Red Sindhi, Sahiwal na Boran, zebu wa Tanzania na kiasi kidogo cha damu ya Ulaya, ili apatikane mnyama wa nyama na maziwa kwa sehemu kavu. Kazi ile ilichukua miaka mingi na iliwezekana kwa daftari: kila ndama alikuwa na baba na mama wanaojulikana. Leo ng'ombe hao wamebaki wachache mno. Sifa zao ziko pale pale. Kilichokosekana ni madume wa kutosha na mpango wa kuwaendeleza. Tunaliandika hili kwa masikitiko, kwa sababu hatua ile ile ya kuacha inarudiwa kwetu kwa wekundu wa Iringa, na safari hii hakuna hata kituo kinachowashikilia.

Tutaambiwa pia kwamba hakuna fedha katika bajeti. Daftari la kaunta na kalamu kwa kila mhimilishaji si mzigo wa bajeti. Kikundi chetu kimeanza kuomba mrija mtupu baada ya kupandisha, kuufuta, na kuugandisha kwa utepe kwenye ukurasa wenye tarehe na namba ya hereni ya ng'ombe. Kazi hiyo haichukui hata dakika tano. Kama wafugaji wanaweza kuifanya kwa utepe, ofisi yenye wataalamu na kompyuta inaweza kuifanya vizuri zaidi.

Tutaambiwa kwamba kutunza kumbukumbu ni wajibu wa mfugaji. Sehemu yake ni kweli, nasi tunaubeba. Lakini mfugaji hawezi kuandika asichooneshwa, na mwenye mtungi ni mhimilishaji anayefanya kazi kwa idhini na usimamizi wa idara yako. Na tukiambiwa kwamba uhifadhi wa koo za asili ni suala la Wizara, tutajibu kwamba amri ya kuhasi haikutekelezwa na Wizara katika mazizi yetu. Ilitekelezwa na Halmashauri, na Halmashauri inaweza kuisimamisha.

Kwa hayo yote, tunaomba yafuatayo.

Kwanza, kuanzia sasa, asiwepo mhimilishaji atakayepandisha ng'ombe katika wilaya hii bila kuandika, katika nakala mbili, utambulisho wa dume kama ulivyo kwenye mrija, namba ya hereni ya jike, tarehe na jina la kijiji. Nakala moja ibaki kwa mfugaji na nyingine iende kwa mtaalamu wa kata. Huduma inayolipiwa na isiyo na maandishi hayo ihesabiwe kuwa haijakamilika.

Pili, zoezi la kuhasi madume wa asili lisimame hadi hesabu yao itakapofanyika kijiji kwa kijiji. Hatuombi lifutwe milele. Dume dhaifu na mwenye kasoro ahasiwe. Tunaomba katika kila kata ya bondeni wabaki madume wa asili wasio ndugu, waliochaguliwa pamoja na wazee wanaojua koo za makundi yao, kwa idadi itakayowezesha kipimo nilichokitaja kisishuke chini ya 50 kwa wilaya nzima. Wenye madume hao wapewe nafuu, hata ikiwa ni kuogesha bure kwenye josho na chanjo.

Tatu, itolewe ratiba ya kubadilishana madume wa vijiji, ili asiwepo dume atakayekuwa bado kijijini wakati binti zake wa kwanza wanapoingia kwenye joto. Vijiji viko tayari kuchangia mafuta ya lori.

Nne, Halmashauri iandike rasmi kwa kituo cha utafiti wa mifugo cha Uyole na kwa kituo cha taifa cha uhimilishaji kilichopo Usa River, Arusha, kuomba sampuli za vinasaba zichukuliwe kutoka kwa ng'ombe wekundu wa Iringa waliobaki na mbegu ya madume wachache wao ihifadhiwe kwenye baridi. Mbegu iliyogandishwa vizuri hudumu miongo mingi. Ombi hili ndilo pekee lenye gharama kubwa kidogo, na ndilo pekee ambalo likicheleweshwa halitakuwa na cha kuhifadhi.

Tano, mfugaji aoneshwe orodha ya madume waliomo kwenye mtungi kabla ya kupandishiwa, ikiwa na aina yao na taarifa ya kasoro wanazozibeba pale inapojulikana, na vijiji vya bondeni viletewe pia mbegu ya Boran, Sahiwal na nyinginezo zinazohimili joto.

Tunaomba majibu ya maandishi kabla ya kikao kijacho cha Baraza la Madiwani, na tunaomba suala hili liwe miongoni mwa ajenda za kikao hicho. Kikundi chetu kitahudhuria kama wananchi, tukiwa na daftari letu la mirija, na tuko tayari kulikabidhi kwa idara linakiliwe. Wazee 3 wa vijiji vya bondeni wamekubali kutembea na mtaalamu yeyote utakayemteua ili kumwonesha makundi ambayo bado yana madume wekundu wasiohasiwa. Wanaomba atumwe kabla ya mvua kuanza, kwa kuwa baada ya hapo ng'ombe huhamishwa malisho na njia za bondeni hazipitiki.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Katibu,
Kikundi cha Wafugaji Wadogo,
Nyanda za Juu Kusini.

Nakala:
Mwenyekiti wa Halmashauri
Ofisa Mifugo wa Wilaya
Waheshimiwa Madiwani wa kata zote
Watendaji wa vijiji, kwa kubandika kwenye mbao za matangazo